Maji ya Wagenia ndani ya ordinatere: ginsi filamu za katuni zinavyotengeneza mto, povu na moshi

Vijana wa Kapalata na wa kartiye zingine za Kisangani wanaojifunza kutengeneza filamu za katuni kwenye ordinatere wanagonga wote ukuta mmoja: maji. Mtu anachorwa na anatembea, nyumba inasimama vizuri. Lakini ukitaka kuonyesha mto unaopiga mawe pale Wagenia, na mitego ya wavuvi katikati ya povu, kazi inakwama. Wengi wanasema masini yao ni dhaifu. Ni kweli kwa sehemu. Lakini kuna jambo lingine ambalo wengi hawajaelezwa: kazi ya maji ina hatua mbili, hesabu na picha. Mwenye kuzitenganisha anaweza kuimaliza hata pale umeme unapokuja na kwenda.

Chembe ni nini?

Mwaka wa 1982, katika filamu ya Marekani iitwayo Star Trek II, watu waliona moto ukienea juu ya sayari nzima. Moto ule haukuchorwa kwa mkono. William Reeves na wenzake waliutengeneza kwa nukta nyingi ndogo. Kila nukta ilipewa mahali pa kuzaliwa, mwendo, rangi na muda wa kufa. Mwaka wa 1983 Reeves aliandika ginsi njia hiyo inavyofanya kazi. Nukta hizo ndizo tunaita chembe.

Chembe peke yake haina akili. Ukiiambia ipande, inapanda tu. Sasa angalia moshi wa babula nyumbani. Unapanda kwa sababu hewa ya moto ni nyepesi, kiisha unajikunja na kutawanyika. Mama akipunga kifuniko, moshi wote unageuka. Hewa ndiyo inaubeba.

Mtoni ni vilevile. Yale majani tunayoita Kongo ya sika hayachagui njia. Yanafuata mkondo, yanazunguka nyuma ya jiwe, yanakimbia penye maji ya nguvu. Ukiyaangalia, unauona mwendo wa maji wenyewe. Hiyo ndiyo siri ya kazi hii: ordinatere inahesabu kwanza mwendo wa maji ao wa hewa, kiisha chembe zinabebwa na mwendo huo.

Hesabu ya zamani, kazi ya sasa

Hesabu za vitu vinavyotiririka zina majina ya watu wawili: Navier wa Ufaransa, aliyeziandika mwaka wa 1822, na Stokes, aliyezieleza tena mwaka wa 1845 kule Uingereza. Zinasema kwamba mwendo wa maji unatokana na msukumo, uzito, msuguano na nguvu zinazotoka nje, na kwamba maji hayabanwi: yakiingia mahali, lazima mengine yatoke.

Kwa miaka mingi hesabu hizi zilisumbua watengenezaji wa filamu. Ukiharakisha kidogo, namba zinapanda ovyo na maji yanalipuka kwenye kioo. Mwaka wa 1999 Jos Stam alionyesha njia ambayo haiharibiki hata ukiruka hatua kubwa za muda. Tangu hapo moshi na maji yalianza kuwezekana hata kwenye masini za kawaida.

Leo programu ya Blender ni ya bure, na mtu yeyote ana ruhusa ya kuinakili kwa flashi na kumpa mwenzake. Tangu toleo la 2.82, la Februari 2020, ina chombo cha maji na moshi kiitwacho Mantaflow.

Sanduku na vyumba vyake

Hesabu inafanyika ndani ya sanduku. Nje ya sanduku hakuna maji. Ndani yake unaweka chanzo cha maji na vizuizi: mawe, miti ya wavuvi, mtumbwi.

Programu inagawa sanduku katika vyumba vidogo, na ndani ya kila chumba inahesabu mwendo. Hapa ndipo wengi wanaua masini yao. Tuseme sanduku lina urefu sawa pande zote. Ukiweka vyumba 32 kila upande, jumla ni 32,768. Ukiweka 64, hupati mara mbili, unapata 262,144, yaani mara nane. Ukiweka 128, zinapita milioni mbili. Basi jaribu kwa 32 mpaka mwendo ukupendeze, kiisha ongeza. Na sanduku lisizidi kile kamera inachokiona: usihesabu mto mzima kama filamu inaonyesha mtego mmoja.

Jambo la pili ni ukubwa wa kweli. Maji yakianguka mita 5, yanachukua karibu sekunde moja. Yakianguka sentimita 5, ni sehemu moja ya kumi ya sekunde. Kama sanduku lako lina ukubwa wa beseni, maporomoko yako yatarukaruka kama maji ya beseni, hata ukiyapaka rangi nzuri namna gani. Weka mita za kweli.

Povu linakuja mwisho. Kwanza programu inahesabu maji yenyewe, kiisha inafunika chembe zake kwa ngozi moja laini ili zionekane kama maji. Pale yanapogongana kwa nguvu, inaongeza chembe zingine: matone yanayoruka, povu la juu, na mapovu ya hewa ndani. Bila hizo, Wagenia itafanana na mafuta ya mawese yanayomwagika.

Umeme ukikatika

Mimi mwenyewe nilipoteza kazi ya usiku mzima. Nilikuwa nimeagiza masini itoe filamu moja kwa moja, kama faili moja ya video. Umeme ulikatika karibu na mwisho, betri ikafuata, na faili haikufunguka tena. Kilichoniponza ni hiki: sikuzitenganisha hatua.

Hatua ya kwanza ni kuhesabu mwendo na kuuhifadhi kwenye diski. Chagua dosie yako mwenyewe, usiache ile ya muda ambayo masini inaweza kufuta. Katika Blender chagua namna ya kuhifadhi iitwayo modula, na uweke alama pale wanaporuhusu hesabu kuendelea ilipoishia.

Hatua ya pili ni kutoa picha za mwisho, zenye mwanga na rangi. Usitoe video. Toa picha mojamoja, za PNG. Sekunde moja ya filamu ina picha 24, kwa hiyo sekunde 10 ni picha 240. Kama kila picha inachukua dakika 5, ni saa 20. Nani ana saa 20 za umeme mfululizo hapa kwetu? Lakini ukipata saa 4 kila siku, unatoa picha 48, na siku ya tano umemaliza. Umeme ukikatika, unapoteza picha moja tu. Mwishoni unaziunganisha kuwa video, kazi ya dakika chache.

Mto wetu una rangi yake

Mafunzo mengi ya intaneti yanaonyesha bahari ya bluu. Mto Kongo hapa Kisangani ni wa rangi ya udongo, na povu lake ni jeupe juu ya maji ya giza. Ukinakili mafunzo bila kutazama mto, utatengeneza maji ya watu wengine.

Nchi yetu haianzi leo. Jean-Michel Kibushi, mzaliwa wa Sankuru, alitoa mwaka wa 1991 filamu fupi ya chura anayewatembelea wakwe zake, kutoka hadithi ya Watetela. Na jirani yetu Raymond Malinga wa Uganda alitoa Herderboy mwaka wa 2023, katika mkusanyo wa filamu za Kiafrika uitwao Kizazi Moto.

Hapa, maporomoko saba yanashuka toka Ubundu mpaka kwetu, karibu kilomita 100, na Wagenia ni ya mwisho. Kwa hiyo kabla ya kufungua ordinatere, nenda ukasimame pale nusu saa. Angalia maji yanapopiga mti wa mtego: yanapanda wapi, yanageuka wapi, povu linakaa muda gani kabla ya kupotea. Hayo ndiyo utaiambia masini.