Moyo Ukishindwa, Matibabu Hayaishii Wodini

Leo tuzungumze juu ya moyo unaposhindwa kusukuma damu ipasavyo. Miguu huvimba, pumzi hubana, na usiku mgonjwa hulalia mito miwili au mitatu.

Ugonjwa huu ni wa tangu zamani. Mwaka 1775 huko Uingereza, daktari William Withering aliombwa maoni yake juu ya dawa ya siri ya mama mmoja mzee wa Shropshire, aliyetibu watu waliovimba maji. Ilikuwa na mitishamba 20 au zaidi. Withering alitambua kuwa mmea wenye nguvu ni mmoja tu, foxglove. Aliuchunguza miaka 10, na mwaka 1785 akaandika kitabu, akionya kuwa kipimo kikizidi ni sumu. Digoksini, dawa inayotoka kwa mmea wa jamii hiyo, tungali tunaitumia.

Miaka ya 1960 vikaja vidonge vikali vya kutoa maji kwa njia ya mkojo. Mwaka 1987 ikathibitishwa kuwa enalapril hupunguza vifo. Hata hivyo, wagonjwa wengi walitoka wodini na kurudi baada ya muda mfupi.

Mwaka 1995, madaktari wa St. Louis, Marekani, walitangaza matokeo ya wagonjwa 282 wenye miaka 70 au zaidi. Nusu walihudumiwa kama kawaida. Nusu nyingine walifundishwa na muuguzi juu ya ugonjwa, chumvi na dawa, kisha wakafuatiliwa hadi nyumbani. Katika siku 90, kundi la kwanza lilirudishwa hospitalini mara 94, la pili mara 53.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mgeni kazini, nilimpa mama mmoja vidonge nikamwambia, "Nenda salama." Juu ya chumvi sikusema neno. Wiki mbili baadaye alirudi amebebwa.

Kwa hivyo mama, kabla hamjatoka wodini, uliza: Dawa ipi, saa ngapi? Chumvi kiasi gani? Turudi lini? Mpime uzito kila asubuhi. Ukiongezeka kilo 2 kwa siku 3, rudini mara moja. Kama huna mizani, tazama kama ndara zinambana. Pumzi ikibana, msingoje siku ya kliniki. Wala asiache dawa eti kwa kuwa uvimbe umeisha.

Usione haya kuuliza. Kukujibu ni sehemu ya kazi yetu.