Mtani Kaburini: Katika Njia ya Misafara

Njia ya pembe za ndovu iliondoka pwani ya Bagamoyo, ikapanda milima ya Usagara, ikakata nyika ya Ugogo hadi Unyanyembe, penye Tabora ya leo, kisha ikateremka Ujiji kwenye Ziwa Tanganyika. Ni zaidi ya kilomita 1,000. Wasafiri Waingereza Burton na Speke, waliotoka pwani mwaka 1857, waliikuta ina wenyewe: wapagazi, wengi wao Wanyamwezi, kila mmoja na mzigo wa kilo 30 hivi begani.

Ukiifuata njia hiyo, swali moja halikuachi. Huko Ugogo maji yalikuwa haba, na watawala walidai hongo ya nguo, shanga na nyaya za shaba kabla msafara haujaruhusiwa kupita. Mpagazi akiugua huko, nani amuuguze? Akifa, nani amzike, na ndugu zake wako mwendo wa miezi?

Jibu mojawapo lilikuwa utani. Wanyamwezi na Wazaramo, kwa mfano, ni watani tangu zama hizo. Mtani ana ruhusa ya kukusimanga hadharani na kukuchukulia kitu chako, nawe ni mwiko kukasirika. Lakini ukifikwa na shida, kukusitiri ni juu yake.

Anayeushuhudia utani msibani kwa mara ya kwanza hushtuka. Wafiwa wanalia, mtani anaigiza mwendo wa marehemu na kutangaza kwamba amekufa kukwepa madeni. Kaburi likishachimbwa, hujitosa ndani, akalala chali na kugoma kutoka mpaka apewe chochote. Wafiwa wanacheka huku machozi yanawatoka, wanachangishana, anatoka. Na mara nyingi ni yeye huyo aliyeshika jembe tangu alfajiri.

Utani mwingine ulizaliwa vitani. Wahehe na Wangoni walipigana vikali kuanzia mwaka 1878. Leo ni watani wakubwa, na mauaji ya mababu yamegeuka maneno ya kuchekeshana.

Reli ilipofika Kigoma, jirani na Ujiji, mwaka 1914, kazi ya upagazi katika njia hiyo ilififia. Utani ukabaki, ila wengi wetu tumebakiza matusi yake tu. Mababu waliununua uhuru wa kutaniana kwa kuzikana ugenini. Anayeutaka leo naye aulipie: akisikia msiba kwa mtani wake, atangulie kufika.