Nyota ya Saba: Kisasili cha Krittika katika Anga la Thika na Ruiru

Katika fasihi ya Kiingereza, Thika ni mji uliotangazwa na Elspeth Huxley, ambaye kitabu chake cha mwaka 1959 kiliegemea kumbukumbu za utoto wake miongoni mwa walowezi. Katika utafiti wa fasihi simulizi, eneo hilohilo ni sehemu ya nchi ya Agĩkũyũ, na waraka maarufu wa Ngũgĩ wa Thiong'o, Owuor Anyumba na Taban lo Liyong wa mwaka 1968 ulisaidia sana kuipa fasihi hiyo kiti chake chuoni. Ipo hata hivyo hazina ya tatu ambayo uhakiki umeipita kimyakimya: visasili walivyokuja navyo wafanyabiashara wa Kihindu waliofungua maduka pande hizo, hususan baada ya tawi la reli kutoka Nairobi kufika Thika mwaka 1913. Makala haya yanachunguza kimoja tu kati ya visasili hivyo, kile cha Krittika, na kuuliza kinasomekaje chini ya anga la Thika na Ruiru.

Unajimu wa Kihindu hugawa njia ya mwezi katika manzili 27, ziitwazo nakshatra, kila moja ikiwa na upana wa digrii 13 na dakika 20. Kisasili chasimulia kuwa manzili hizo ni mabinti wa Daksha, wote wameolewa na Mwezi, naye hulala kwa kila mmoja kwa zamu. (Kwamba alimpenda Rohini kuliko wenzake, akalaaniwa kukonda na kunenepa kila mwezi, ni mkasa wa uke wenza ambao msikilizaji wa Kiafrika hahitaji kufafanuliwa.) Krittika, jirani yake Rohini, ni ya tatu katika orodha inayotumika siku hizi, lakini katika orodha za kale za Veda ndiyo iliyotangulia. Nyota zake ni zilezile ambazo Waswahili huziita Kilimia.

Masimulizi mazito zaidi kuhusu Krittika yamo katika Mahabharata. Agni, mungu wa moto, aliwatamani wake za wale wahenga saba watakatifu, akakimbilia msituni kwa uchungu wa tamaa isiyotimizika. Svaha, aliyempenda Agni, akajigeuza akachukua sura ya mmoja wa wake hao, kisha wa pili, hadi wa sita. Sura ya saba, ya Arundhati mke wa Vasishtha, hakuiweza, kwa kuwa uaminifu wa mwanamke huyo ulikuwa na nguvu kupita hila yake. Mbegu ya moto ikatupwa katika mlima mweupe, akazaliwa Skanda mwenye vichwa sita. Wahenga waliposikia, wakawapa wake zao sita talaka. Svaha alijitokeza akakiri kuwa mtoto ni wake. Vishvamitra naye, aliyejua ukweli wote, akawathibitishia kwamba wanawake hao hawana hatia. Talaka haikurudishwa. Wanawake wakamwendea yule mtoto ambaye hawakumzaa, wakaomba awe mwana wao, nao wakapandishwa mbinguni kujaza nafasi iliyoachwa wazi na nyota Abhijit. Kutokana nao Skanda akapata jina la pili, Karttikeya.

Wasomaji wengi hukipokea kisa hiki kama sifa ya Arundhati, na ndivyo kilivyotumika: katika harusi za Kihindu bibi arusi huonyeshwa nyota yake, iliyo ndogo kando ya ile ya mumewe, ambayo kutoka Thika huonekana upande wa kaskazini, si juu sana. Usomaji huo una upungufu. Kiini cha kisa ni wale sita. Wamehukumiwa kwa kosa la sura zao, ushahidi wa kuwatetea umetolewa mara mbili na kupuuzwa, na malipo yao ni kuwekwa mbali, juu, mahali pa kutazamwa. Mtunzi hakuificha dhuluma hiyo. Aliyeiweka kauli ya Vishvamitra katika masimulizi alitaka isikike.

Maandiko ya Taittiriya, yaliyo ya kale zaidi, yanazitaja Krittika saba kwa majina, na matatu kati ya hayo, Abhrayanti, Meghayanti na Varshayanti, yana maana ya kuleta mawingu na kunyesha mvua. Hapa suala la mahali linajitokeza. Mwezi wa Kartik, uliopewa jina la manzili hii kwa sababu mwezi mpevu huwa ndani au karibu yake, huangukia Oktoba na Novemba. Kule Gujarat mvua za pepo za kusi huwa zimekwisha. Divali huwashiwa taa chini ya anga kavu, na wafanyabiashara hufungua daftari mpya za hesabu. Thika na Ruiru katika majuma hayohayo hupata mvua za vuli, ambazo Agĩkũyũ huziita mbura ya mwere, mvua ya mawele. Kisasili kilichosafirishwa na wenye maduka kimefika mahali ambapo nyota zake huchomoza jioni, kaskazini kidogo mwa mashariki, mara nyingi nyuma ya wingu. Mashariki huko ndiko uliko Kĩanjahĩ, yaani Kilima Mbogo, ambao Jomo Kenyatta aliutaja mwaka 1938 miongoni mwa milima ya Ngai na kuufasiri kuwa mlima wa mvua kubwa. Yale majina matatu ya kale, yaliyokuwa yamepitwa na majira kule Gujarat katika mwezi huo, yanapata tena mvua yake.

Wenyeji wa Kibantu walikuwa na njia yao ya kuzisoma nyota hizo. Jina Kilimia limetokana na kitenzi lima, na ndugu yake, isiLimela, yumo katika Kixhosa, umbali wa maelfu ya kilomita kusini. Waswahili walisema kwamba kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Hakuna talaka katika maelezo hayo wala ndoa. Ipo kazi ya jembe. Anayetaka kuthibitisha kwamba jina moja limeazimwa kutoka kwa lingine hatapata pa kuanzia.

Ulinganishi wenye manufaa zaidi hauhusu nyota hata kidogo. Gĩkũyũ na Mũmbi, katika kisasili cha Mũkũrwe wa Nyagathanga, walizaa mabinti tisa, nao husemwa kuwa ni kenda mũiyũru, kenda iliyojaa, ambayo hakika yake ni kumi. Mwiko wa kuhesabu watoto humzuia msimulizi kuitamka idadi kamili. Masimulizi yote mawili, basi, yana binti mmoja aliye nje ya hesabu, lakini sababu zinakinzana. Arundhati ametolewa ili sifa yake iwahukumu wenzake. Binti wa kumi ameachwa bila kuhesabiwa ili wote wasidhurike. Wala mvua haikosekani upande huu: mmoja wa mabinti ni Nyambura, ambaye jina lake lina mbura ndani yake, na ukoo wake, Ethaga, ulisifika kwa uwezo juu ya mvua.

Kisasili cha Krittika kinaishi hadi leo katika majina ya watu. Kwa familia za Kihindu zinazofuata desturi hiyo, mtoto anayezaliwa mwezi ukiwa Krittika hupewa jina linaloanza kwa a, i, u au e, kulingana na robo ya manzili. Saa zilizochapishwa katika kalenda ya India hupunguzwa kwa saa mbili na nusu, kwani kosa dogo laweza kumhamisha mtoto wa Ruiru hadi kwa Rohini. Jirani yake wa Kigĩkũyũ, akiwa binti wa kwanza, huitwa jina la nyanya yake mzaa baba, bila kuutazama mwezi, na huenda nyanya huyo akawa Nyambura.