Manowari ya Rufiji na Wasioandika

Alfajiri ya Jumapili, 20 Septemba 1914, katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokeza mbele ya bandari ya Unguja. Pegasus, manowari ya Waingereza, ilikuwa imetia nanga, mitambo yake ikitengenezwa. Mizinga ya Mjerumani ilipiga mbali zaidi. Makombora ya Pegasus yalikuwa yakiangukia majini. Mabaharia 38 walikufa, 55 wakajeruhiwa, na meli ikazama siku hiyo hiyo. Baadhi ya waliokufa wamezikwa Chapwani, kisiwa kidogo mkabala wa Mji Mkongwe.

Habari za waliopiga tunazo kwa mikono yao wenyewe. Nahodha Max Looff aliandika *Kreuzerfahrt und Buschkampf*, na ofisa wake Richard Wenig akaandika *Kriegs-Safari*. Baada ya ushindi ule, meli yao ilijificha katika delta ya Rufiji, mitambo mibovu na makaa haba. Wakakaa humo miezi, katikati ya mikoko, joto, mbu na homa, huku Waingereza wakiziba midomo ya mto. Krismasi ya 1914 wazingiraji walipeleka salamu za sikukuu kwa simu ya upepo, wakitumai kuonana nao karibuni. Looff akajibu kwamba wakimhitaji, yeye yupo nyumbani siku zote. Tarehe 11 Julai 1915 meli ilipigwa hadi ikaangamia.

Lakini nani aliifikisha mitambo ile mibovu kwenye karakana za Dar es Salaam, na kuirudisha Rufiji? Wenyeji, kwa kamba na mabega, wakikata njia porini. Meli ilipokufa, mizinga yake yote 10 iliopolewa, ikafungwa magurudumu na kuburutwa vitani bara. Mmoja upo leo Fort Jesus, Mombasa. Wageni huupiga picha. Wapagazi wa vita ile, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi, hawana hata kitabu kimoja cha mkono wao.

Watu wa Mangapwani, Unguja, wanaujua ukimya wa namna hii. Kwao, kilomita 20 hivi kaskazini ya Mji Mkongwe, kuna chumba kilichochimbwa ndani ya jiwe la matumbawe, ambamo inasimuliwa watumwa walifichwa baada ya biashara ya utumwa kupigwa marufuku mwaka 1873. Waliolala kwenye sakafu ile hawakupewa kalamu.

Wapo wachache waliobahatika kuandika. Martin Kayamba, mzaliwa wa Mbweni, Unguja, alifungwa na Wajerumani Tabora wakati wa vita hiyo, naye akaandika maisha yake; yalichapishwa mwaka 1936 katika *Ten Africans*. Kwa hiyo si kweli kwamba watu wetu hawakuwa na la kusema.

Aliyerithi simulizi ya babu aliyebeba mzigo wa vita ile, Rufiji, Unguja au kwingineko, aiandike sasa, kwa jina na kwa kijiji, kisha nakala moja aipeleke kwenye Nyaraka za Taifa.