Heller Tano ya Gramu Ishirini

Sarafu ya heller tano iliyopigwa Hamburg mwaka 1908 kwa ajili ya Afrika Mashariki ya Kijerumani ina upana wa milimita 37. Ukiifumba kiganjani inajaa. Sonara mmoja wa hapa Tanga aliniwekea yangu kwenye mizani yake ikatoa gramu 20 kasoro kidogo. Hicho kilichopungua kimeliwa na vidole vya watu, maana taji la upande wa mbele limefifia kabisa. Nimekaa dirishani benki miaka mingi nikihesabu fedha za wengine, na sijapata kushika sarafu nzito kiasi hiki yenye thamani ndogo kiasi hiki.

Mwaka 1904 serikali ya kikoloni, ikiwa imechukua upigaji wa sarafu kutoka kwa DOAG, Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, iliacha hesabu ya pesa 64 kwa rupia ikaweka heller 100. Heller moja ya shaba ilikuwa na gramu 4. Ilipofika zamu ya heller tano, wakazidisha mara tano, basi. Kwenye karatasi hesabu ilikaa sawa. Aliyeipanga hakuwahi kuibeba.

Rupia ya fedha ilikuwa na gramu 11 na ushei. Ukiichenji kwa heller tano unapewa sarafu 20, gramu 400 za shaba. Kodi ya nyumba kijijini ilikuwa rupia 3. Mtu aliyekusanya kodi hiyo kwa heller tano alikwenda bomani na sarafu 60, kilo moja na robo kasoro kidogo. Reli kutoka Dar es Salaam ilikuwa imefika Morogoro mwishoni mwa 1907, na kutoka hapo kwenda bara mizigo ilipanda mabegani. Mpagazi wa kilo 30 angebeba sarafu hizi 1,500, yaani rupia 75 tu. Mzigo huohuo ukiwa wa rupia za fedha ungepita rupia 2,500. Na kabla ya hapo shaba yote hiyo imenunuliwa, imepigwa, imevushwa bahari.

La ajabu ni kwamba dawa ilikuwepo tangu mwanzo. Mwaka uleule wa 1908 ilitoka heller kumi ya shaba iliyochanganywa na nikeli, yenye tundu katikati, ndogo kuliko heller tano ingawa thamani yake ni maradufu. Ziweke mbili hizo mezani mbele ya mtoto, umuulize ipi kubwa.

Ile ya shaba ilipigwa 1908 na 1909, ikaishia hapo. Mwaka 1913 heller tano ikarudi na milimita 23, nayo ya nikeli na shaba, nayo ina tundu. Husemwa kwamba serikali ikipunguza sarafu inamnyonya mwananchi. Kwa hii nakataa kabisa. Serikali iliokoa madini, ni kweli, lakini mama wa sokoni alipunguziwa mzigo bila kupunguziwa hata heller moja, akaweza kutunga akiba yake kwenye uzi na kuitambua gizani kwa kidole.

Ubahili una mpaka wake, hata hivyo. Waingereza, waliotawala majirani zetu wa Kenya na Uganda, walipiga senti moja ya alumini mwaka 1907 na nusu senti ya alumini mwaka 1908, nyepesi mno, zenye tundu. Alumini ikaliwa na unyevu na chumvi, na kufikia 1909 wakahamia kwenye nikeli na shaba.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoziba bahari, Wajerumani walipiga sarafu zao wenyewe Tabora mwaka 1916, katika karakana ya reli, kwa kutumia hata shaba ya maganda ya mizinga. Heller tano ya Tabora haina tundu na taji lake ni la mkono wa haraka, lakini ilibaki ndogo. Hakuna aliyefikiria kurudia gramu 20. Wabelgiji waliuteka mji Septemba mwaka huohuo.

Wanunuzi wa sarafu za zamani wanaokuja kwangu huitaka ile kubwa ya 1908 kwa sababu inapendeza kushika. Mimi ninayoithamini zaidi ni ya 1913, ile yenye tundu.