Kupanda kabla ya mvua (Ukambani)

Kupanda kabla ya mvua ni desturi ya wakulima wengi wa Kitui na Makueni, kaunti kame za Ukambani nchini Kenya. Mbegu hufukiwa katika udongo mkavu, zikingojea vuli ya Oktoba hadi Desemba. Ni pata potea ya kweli. Vuli ndiyo tegemeo huko kuliko masika, lakini hunyesha kwa wiki chache tu. Anayesubiri matone ya kwanza ndipo ashike plau hupoteza siku za thamani. Isitoshe, mbegu iliyowahi hufaidi nitrojeni ambayo udongo mkavu huachilia kwa wingi ukilowa, jambo alilolieleza mtafiti H. F. Birch wa kituo cha utafiti cha Muguga, Kenya, mwaka 1958.

Hatari kubwa ni mvua ya uongo: manyunyu huotesha mbegu, kisha jua huunguza miche, na mbegu hununuliwa upya. Panya na mchwa nao hula mbegu zilizofukiwa. Kwa hiyo wengine hupanda sehemu tu ya shamba, au huchanganya mahindi ya Katumani, yanayokomaa mapema, na kunde, mbaazi na ndengu. Kumwita mkulima huyu mzembe ni kumkosea: kuchelewa nako kuna hasara, na ameipima.