Jedwali, Msimbo na Namba: Historia ya Kulinganisha Vifaa Kabla ya Kununua

Programu ya simu inayomwezesha mnunuzi kulinganisha televisheni, friji au simu mbili kabla ya kutoa fedha huonekana kuwa zao la karne ya 21, lakini umbo lake la msingi, yaani jedwali lenye majina ya bidhaa upande mmoja na sifa zake upande mwingine, lilitumika kwa wanunuzi miongo kadhaa kabla ya kompyuta kuingia majumbani. Swali linaloamua uaminifu wa programu hiyo, yaani nani anayegharimia kazi ya kulinganisha, nalo lilikuwa likijadiliwa kwa uzito nchini Marekani tangu miaka ya 1920.

Mwaka 1927 mchumi Stuart Chase na mhandisi F. J. Schlink, ambaye aliwahi kufanya kazi katika idara ya serikali ya vipimo na viwango, walichapisha kitabu kiitwacho *Your Money's Worth*, wakieleza kwamba serikali ilipima bidhaa kitaalamu kabla ya kuzinunua, ilhali raia wa kawaida aliachiwa matangazo ya biashara yamwongoze. Kutokana na msukumo wa kitabu hicho kiliundwa chama cha Consumers' Research mwaka 1929, na baada ya mgomo wa wafanyakazi wake mwaka 1935, waliojitenga walianzisha Consumers Union mwaka 1936, ambacho jarida lake lilikuja kujulikana kama *Consumer Reports*. Chama hicho kilijiwekea masharti mawili yanayostahili kuitwa msingi wa fani nzima: jarida halikupokea matangazo ya biashara, na bidhaa za kupimwa zilinunuliwa madukani kama anavyonunua mteja yeyote, ili mtengenezaji asipate nafasi ya kupeleka maabara kifaa kilichoandaliwa mahususi kwa ajili ya kushinda. Gharama ilibebwa na wasomaji wenyewe kwa ada zao, na kwa sababu hiyo mpimaji hakuwa na bwana mwingine wa kumridhisha.

Mfano huo ulivuka bahari. Mwaka 1957, katika gereji iliyogeuzwa ofisi huko Bethnal Green, London, Michael Young na wenzake walitoa toleo la kwanza la *Which?*, lililolinganisha bidhaa kama birika za umeme, miwani ya jua na aspirini; na mwaka 1964 Ujerumani Magharibi iliunda Stiftung Warentest, taasisi ya kupima bidhaa iliyoanzishwa kwa uamuzi wa bunge.

Intaneti ilipofika, jedwali lilibaki lakini maabara iliachwa nyuma. Mwaka 1995 kampuni ya Andersen Consulting ilionesha BargainFinder, programu iliyotafuta bei ya CD moja ya muziki katika maduka kadhaa ya mtandaoni kwa mkupuo mmoja, na baadhi ya maduka yakaizuia, kwa kuwa hayakutaka kupimwa kwa bei pekee. Wenye maduka walikuwa na masilahi yao, lakini hoja yao haikuwa ya kupuuzwa, kwa sababu bei ni namba inayosomeka na mashine, ilhali uimara wa bawaba au maisha ya betri hujulikana tu baada ya mtu kufungua na kufunga, kuchaji na kutumia hadi chaji iishe, mara nyingi. Tangu hapo walinganishaji wengi wamelinganisha kile kilicho rahisi kukusanywa badala ya kile ambacho mnunuzi anahitaji zaidi kukijua, na hasara hiyo haijafidiwa hadi leo.

Hatua iliyofuata ilitegemea msimbo pau, ile mistari myeusi na myeupe ambayo ilisomwa kibiashara kwa mara ya kwanza Juni 1974 katika duka moja la Troy, Ohio. Mistari hiyo huwakilisha tarakimu, na tarakimu ya mwisho hukokotolewa kutokana na zile zilizotangulia, ili msomaji agundue kama amekosea. Mwaka 2008 GoCart, iliyobadilishwa jina kuwa ShopSavvy, ilikuwa miongoni mwa washindi wa shindano la Google la programu za Android, ikisoma mistari hiyo kwa kamera ya simu na kuleta bei za maduka mengine. Mwaka 2009 ikaja RedLaser ya iPhone, ambayo wabunifu wake walikabiliwa na tatizo la kamera zisizoweza kulenga kitu kilicho karibu, wakalitatua kwa kuandika programu inayokadiria upana wa mistari kutoka katika picha yenye ukungu. eBay iliinunua mwaka uliofuata.

Hapo ndipo swali la gharama liliporudi. Programu hizi zilikuwa za bure kwa mnunuzi au za bei ndogo, na kwa kawaida mlinganishaji wa aina hii huishi kwa kamisheni, yaani malipo ya muuzaji kwa kila mteja anayeletewa. Mwaka 2012 Google ilitangaza kwamba huduma yake ya kulinganisha bei, iliyoanza mwaka 2002 kwa jina la Froogle, ingewaorodhesha nchini Marekani wauzaji waliolipia tu. Na Juni 2017 Tume ya Ulaya iliitoza Google faini ya euro bilioni 2.42 kwa kuipendelea huduma hiyo katika matokeo ya utafutaji, uamuzi ambao mahakama ya juu ya Umoja wa Ulaya iliuthibitisha mwaka 2024.

Afrika Mashariki ilikuwa na haja nyingine, ya kutambua simu bandia, ambayo msimbo pau hauwezi kuitimiza, kwani msimbo huo hutambulisha aina ya bidhaa tu na huweza kuchapwa hata kwenye boksi la simu bandia. Kenya ilizima simu bandia mwishoni mwa Septemba 2012, na Tanzania ikafanya hivyo Juni 16, 2016, baada ya Mamlaka ya Mawasiliano kuwaelekeza wananchi wabonyeze *#06#, wapate IMEI, yaani namba ya tarakimu 15 inayotambulisha kila simu peke yake, kisha waitume kwa ujumbe mfupi kwenda 15090. Jibu lilitaja mtengenezaji na aina ya simu, na mnunuzi alilinganisha maneno hayo na yaliyoandikwa kwenye kifaa alichokishika. Huo ulikuwa ulinganishaji uliogharimiwa na chombo cha umma, usiohitaji simu janja wala intaneti, ingawa haukuweza kumkamata mtengenezaji aliyenakili namba halali ya simu nyingine na kuipachika kwenye simu yake bandia.